Mkaa wa maganda ya matunda: nimeupikia, nimeufundishia

Kwa maharage na makande, mkaa huu nausifu bila kusita. Kwa chapati za alfajiri huku watoto wanasubiri gari la shule, hapana. Nalisema hili mapema kwa sababu wauzaji wa mkaa mbadala huahidi yote kwa mpigo: hauna moshi, unawaka upesi, unakaa, hauna jivu. Huu ninaotumia unatimiza mawili: ukishakolea hauna moshi, na kweli unakaa.

Naununua kwa kikundi cha akina mama hapa Dar es Salaam. Maganda wanayatoa masokoni, hasa upande wa Mabibo kwenye soko la Mahakama ya Ndizi, ambako taka za matunda hazijawahi kuadimika. Wanayaanika, wanayachoma ndani ya pipa lililozibwa hewa isipite sana, wanasaga ule mkaa, wanauchanganya na uji wa unga wa muhogo, kisha wanashindilia kwa mashine ya mkono na kuanika tena. Unapata briketi za duara zenye tundu katikati. Mfuko ni nafuu kidogo kuliko ndoo ya mkaa wa miti.

Kuwasha ndiko kwenye shughuli. Inabidi utangulize vifuu au vipande vichache vya mkaa wa kawaida, upange briketi tundu likiangalia juu, halafu utulie. Ukichokonoachokonoa zinamung'unyuka na moto unafifia. Zikishika, sufuria ya maharage inaiva na bado unapata moto wa kuchemshia maji ya kuoga. Ila jamani, kukosa moshi hakumaanishi hakuna sumu. Gesi ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na jiko la briketi huitoa kama jiko lingine lolote la mkaa. Msiingize ndani chumbani mkalala nalo.

Jivu ni jingi, na hapo ndipo ualimu wangu wa biolojia uliponiingia jikoni. Ganda la ndizi limejaa madini ya potasiamu. Moto unaondoka na kaboni, madini yanabaki, ndiyo maana kila asubuhi unakung'uta jivu jingi kuliko la mkaa wa miti. Kifuu cha nazi kina lignini nyingi, ile inayoufanya mti uwe mgumu, na madini machache, kwa hiyo mkaa wake ni mgumu na jivu lake dogo. Nilipowauliza akina mama kwa nini siku hizi wanachanganya vifuu, mmoja alinijibu, "Mwalimu, ganda peke yake linatuletea lawama." Hesabu nayo inawabana: zaidi ya asilimia 80 ya ganda bichi la ndizi ni maji, na hicho kidogo kinachobaki baada ya kukauka kinapungua tena zaidi ya nusu kikichomwa. Lundo la toroli zima linaishia kwenye kifuko.

Jivu lenyewe situpi. Loweka kwenye maji, chuja kwa kitambaa, chovya karatasi nyekundu ya litmasi: inageuka bluu, dalili kwamba maji hayo ni alkali, kama ya magadi. Waluhya wa magharibi ya Kenya huchuja maji ya jivu la namna hiyo, wakayaita musherekha, kulainishia mboga za kienyeji. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu waliokuwa wanasinzia kwenye kipindi cha mchana waliamka nilipowaambia kwamba hiki kipimo mabibi walikifanya kwa ulimi.

Tangu hapo mfuko mmoja unakwenda shuleni. Maabara yetu ina hadubini chache kuliko wanafunzi, kwa hiyo natumia Foldscope, hadubini ya kukunja ya karatasi iliyobuniwa na Manu Prakash na Jim Cybulski wa Chuo Kikuu cha Stanford. Inakuza kama mara 140. Naibandika kwenye kamera ya simu yangu, simu naiunganisha na projekta, darasa zima linaona kitu kimoja kwa wakati mmoja badala ya kupanga foleni na kuniambia "nimeona, mwalimu" wakati wameona kope zao. Udhaifu wake ni kwamba inataka mwanga mzuri na mkono usiotetemeka, na unyevu wa pwani hauipendezi lenzi.

Somo lililonoga kuliko yote lililetwa na kasoro ya mkaa wenyewe. Msimu wa masika briketi zisipokauka sawasawa zinaota ukungu, kwa sababu uji wa muhogo ni wanga, na wanga kwa kuvu ni ubwabwa. Tulikwangua kidogo, tukaweka kwenye slaidi ya kioo na tone la maji. Kwenye ukuta zikatokea nyuzi zimesukana, na vichwa vidogo vilivyojaa spora, vijimbegu ambavyo kuvu huzaliana navyo. Kuvu hana klorofili, ile rangi ya kijani ya mimea, hajitengenezei chakula. Sentensi hiyo naiandika ubaoni kila mwaka, lakini mara hii waliona meza aliyokalia kuvu akila. Wanga tulikuwa tumeshaupima kwenye ule uji kwa iodini, ukageuka bluu iliyokaribia weusi. Msiidondoshee iodini kwenye briketi yenyewe, nyeusi juu ya nyeusi mtaona nini?

Mnaotaka kununua, chukueni mbili mkazigonganishe. Zilizokauka zinalia kavu, mbichi zinatoa mlio wa kufifia. Vunjeni moja muangalie katikati, maana nje hudanganya. Pia ulizeni kama maganda yalichomwa kwanza au yameshindiliwa hivihivi, kwa kuwa hizo zisizochomwa zinafukiza jikoni kama kuni mbichi. Wengine hutia udongo wa mfinyanzi ili briketi iwe nzito mkononi, na huo udongo hauungui, unalipia jivu.

Mimi kiangazi nanunua bila wasiwasi. Masika nabaki na gesi, mpaka kikundi kipate banda la kuanikia lenye bati angavu. Wameshaanza kuchangishana, na nimewaahidi wanafunzi kwamba likisimama tutakwenda kupima unyevu wa briketi humo ndani kwa mizani ya maabara, kabla na baada ya kuanikwa.