Kijiwe cha kahawa Ngamiani: kahawa safi, mabishano safi, ndoo ibadilishwe

Mtu akiniuliza mahali pa kunywa kahawa mjini Tanga, simpeleki Raskazone kwenye hoteli zinazotazama bahari. Namwelekeza Ngamiani, katika mojawapo ya zile barabara zilizopewa namba badala ya majina, ambako muuzaji mmoja ambaye wateja wote humwita Mgosi huweka dele lake juu ya jiko la mkaa mara baada ya swala ya alasiri, na halitoi hadi waliotoka msikitini baada ya isha wamechoka kubishana. Namba ya barabara siitaji, kwa kuwa hakuomba kutangazwa na mabenchi yake mawili yamekwisha kujaa. Hata hivyo vijiwe vya aina hii havikosekani Ngamiani, na mengi ya nitakayoyasema hapa yanavihusu vyote.

Kahawa yenyewe ni tungu hasa. Buni hukaangwa nyumbani kwake na kutwangwa kinuni, hivyo unga wake haulingani na mashapo hutuama upesi chini ya kikombe, na tangawizi hutiwa kwa kiasi cha kusikika kooni baada ya kumeza badala ya kuuchoma ulimi. Kashata za karanga ni ngumu inavyopaswa, na sukari yake imeachwa iungue kidogo ili utamu usiifunike kahawa. Kwa noti ya shilingi 500 mtu hunywa, hutafuna na kurudishiwa chenji. Kasoro ni usafi: vikombe vyote husuuzwa katika ndoo moja, na ifikapo magharibi maji ya ndoo hiyo yanakaribiana rangi na kinachouzwa. Wateja wa siku nyingi hawaoni neno. Mimi naona kwamba ndoo ya pili na kipande cha sabuni si gharama ya kumshinda mfanyabiashara mwenye wateja wengi kiasi kile.

Hata hivyo, anayekwenda pale kwa ajili ya kahawa peke yake ameacha nusu ya alichokilipia, kwa maana kinachomtofautisha Mgosi na wauzaji wengine ni namna anavyoliongoza baraza. Yeye mwenyewe husema machache, lakini anayepaza sauti au kumkatiza mwenzake humiminiwa kikombe ambacho hakukiagiza, akakabidhiwa mkononi mbele ya wote, na atakilipia. Sijaona mwenyekiti wa mkutano aliyebuni faini ya kistaarabu kuliko hiyo.

Jioni iliyonishawishi kuandika tathmini hii, mazungumzo yaliangukia kwenye silikanti. Mvuvi mmoja mtu mzima kutoka Kigombe alieleza jinsi samaki huyo alivyonaswa katika jarife lake lililotegwa kwa ajili ya papa kwenye maji marefu. Alinyoosha mikono kuonyesha urefu wake, kisha akakunja viwiko na kuizungusha mikono ile kwa zamu, mmoja mbele na mwingine nyuma, ili tuone mapezi yalivyoota juu ya vikono vya nyama, na akasema kwamba mnyama yule alikuwa kama mtu anayepapasa gizani akitafuta kiberiti. Nyama yake, alisema, ina mafuta mengi na haiuziki.

Mwalimu wa sekondari aliyekuwa benchi la pili akaendeleza pale mvuvi alipoishia. Wataalamu waliamini kwamba ukoo wa samaki huyo ulikwisha pamoja na dinosaria, miaka ipatayo milioni 66 iliyopita, hadi mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938; katika maji ya Tanzania walianza kujulikana mwaka 2003, na wengi miongoni mwao walipatikana Tanga, ndipo mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Kijana mmoja akadai kwamba basi huyo ndiye babu wa wanyama wote wanaotembea. Mwalimu alimsahihisha kwa upole kwamba uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2013 ulimkuta kamongo, yule wa maziwani na kwenye mabwawa ya matope, kuwa ndiye mwenye udugu wa karibu zaidi na wanyama wa nchi kavu. Hapo ustadh aliyekuwa kimya muda wote aliweka kikombe chini na kusema, "Mwalimu, wewe tueleze alivyo, aliyemuumba tuachie sisi." Watu wakacheka, mwalimu akacheka nao, na mjadala ukaishia hapo, jambo ambalo binafsi lilinisikitisha, kwa sababu mvuvi alikuwa bado na maswali na hakuna aliyemgeukia tena.

Ustadh huyo huyo alikuwa mtu mwingine kabisa ulipoletwa mzozo wa muandamo, ambao hapa pwani hurudi kila Ramadhani inapokaribia: je, tufunge kwa mwezi ulioonekana nchini na kutangazwa na Mufti kupitia BAKWATA, baraza kuu la Waislamu nchini, au tupokee habari ya kuonekana kwake popote duniani? Alizieleza hoja za pande zote mbili bila kuwakejeli wasiokubaliana naye, na mwalimu alipouliza kama hesabu za wanajimu zina nafasi yoyote, alijibu kwamba wapo wanazuoni wanaozikubali katika kuupima ushahidi, kwa kuwa mtu hawezi kudai kuuona mwezi jioni ambayo mwezi huo umetua kabla ya jua, ingawa hawakubali hesabu ishike mahali pa macho. Kwa dakika chache dini na sayansi zilikaa benchi moja bila yeyote kumminya mwenzake. Mgosi hakumimina kikombe hata kimoja cha faini.

Siasa ndiyo sehemu dhaifu ya huduma hii, na nasema hivyo nikijua kwamba wengi huenda pale kwa ajili ya hiyo. Si kwamba wazungumzaji hawana habari. Juu ya bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443 na mwisho wake hapo Chongoleani, nilisikia maelezo ambayo sikuwahi kuyapata popote kwa lugha nyepesi namna ile: kwamba mafuta ya Uganda yana nta na huganda yakipoa, na kwa hiyo bomba hilo lazima lipashwe moto njia nzima. Lakini walipofika kwenye swali la nani atafaidika, kila mmoja alirudia alichokisikia kwenye simu yake asubuhi. Mzee mmoja alishikilia kwamba nusu ya mradi ni yetu, hadi kijana alipotafuta na kusoma hisa kwa sauti: TotalEnergies ya Ufaransa asilimia 62, shirika la mafuta la Uganda 15, TPDC, shirika letu la mafuta, 15, CNOOC ya China 8. Mzee akajibu kwamba 15 ya kitu kikubwa si haba, hoja ambayo ilistahili kupimwa kwa utulivu. Badala yake mtu akaingiza timu ya mpira ya Coastal Union na ubingwa wake wa mwaka 1988, mwingine akaitetea African Sports, timu nyingine ya hapa Tanga, na bomba likasahaulika. Nimeona jambo hilo likijirudia: panapohitajika takwimu na subira, baraza hukimbilia Mkwakwani, uwanja wetu wa mpira.

Upungufu mwingine hauko kwa muuzaji peke yake. Wazee walikuwa wakivutana juu ya taarabu ya Tanga ya zamani, mmoja akiapa kwamba mwimbaji Shakila aliimbia kikundi cha Black Star na mwenzake kwamba aliimbia kile cha Lucky Star, wakati mke wa Mgosi alipopita na sinia la kashata. Alisimama kidogo tu. "Kaziimbia zote mbili, wazee wangu, na kashata za jana hamjalipa." Kisha akaondoka, na hakuna aliyemwambia aketi. Mwanamke anayeijua taarabu kuliko benchi zima hana kiti katika biashara inayosimama kwa kashata zake, na wateja wa kike niliowaona walikuwa wakinunua na kuondoka. Sidhani kwamba benchi la tatu, likiwekwa upande wa ukuta wenye kivuli, lingemvunjia yeyote heshima. Kwa hakika lingepunguza makosa ya historia.

Mgeni aende kati ya magharibi na isha, ambapo wavuvi na walimu hukutana, abebe chenji kwa sababu Mgosi hachukui malipo kwa simu, na kama ana wasiwasi na ile ndoo, aende na kikombe chake. Nilifanya hivyo na hakuna aliyeninunia. Siku ya mechi ya Simba na Yanga asijisumbue, isipokuwa kama anachotaka kuzungumza ni mpira.