New Order bila Ian Curtis: hii besi muisikilize bwana!

Jambo yenu wote wa L'shi (Lubumbashi) na munaotuangalia mbali, leo hakuna simu mpya, leo ni albamu. Power, Corruption & Lies ya bendi ya New Order, 1983. Mambo ya Joy Division, bendi yao ya kwanza kule Manchester, na mwimbaji wao Ian Curtis kufariki Mei 1980, hayo munayajua, tunaruka. Waliobaki wakabadili jina kuwa New Order, Bernard Sumner mpiga gita akashika maiki, Gillian Gilbert akaingia kwenye kinanda, twende.

Vaeni kaske za masikioni, spika ya simu itawanyima raha yote. "Age of Consent", wimbo wa kwanza kabisa, naanzisha... hapo! Aliyeingia wa kwanza si gita eh, ni besi, ni Peter Hook! Narudisha. Besi tuliyozoea inakaa chini inabeba wengine, huyu jamaa anapanda juu kule analeta melodi mwenyewe, ni kama mi-solo, ile gita ya kati ya solo na ridhimu, kwenye rumba yetu. Alishaanza hivyo tangu Joy Division, sababu ampli ya Sumner ilikuwa inamfunika, akipiga chini hajisikii. Tena kidogo, ya mwisho, naapa... batri (ngoma) inaingia, gita, kinanda, na besi bado haitaki kushuka! Sumner hana sauti ya Curtis na wala hahangaiki kuitafuta, ndiyo maana nawapenda hapa, kwenye Movement, albamu yao ya 1981, walikuwa bado wanamfuata Curtis, ile mimi inanichosha, matanga mwanzo mpaka mwisho.

Najua mashabiki wa AC/DC mumeshafika kwenye maoni, munasema nao walipoteza mwimbaji wakaendelea. Ni kweli, Bon Scott alifariki 1980 hiyohiyo, na albamu yao Back in Black ni moto, lakini walimchukua Brian Johnson wakaendelea na roki ileile, hawa wameleta mashine za ngoma na sintesaiza, watu wakacheza! Hata Wenge Musica, bendi yetu ya Kongo, ilipogawanyika 1997 tulipata orkestre mbili, seben (ile sehemu ya gita ya kucheza) ileile, na harusini nacheza zote mbili, siwadanganyi.

Katikati inalegea kidogo... ah, hapana, "Leave Me Alone" ya mwisho inanirudisha, hiyo gita jamani.

Munaouliza sahani ya vinili, kuagiza mpaka huku usafiri unaweza kushinda bei ya sahani yenyewe, mimi nimesikiliza kwa mega za intaneti tu. Na toleo la kwanza la Uingereza musitafute wimbo wao "Blue Monday" ndani, hiyo ilitoka peke yake. Jumamosi umeme ukikubali tunaingia laivu, munachagua ninyi: Closer, albamu ya Joy Division, ama tunarudi kwenye kaske za bei ya chini?