Wiki kumi na mbili na programu ya kujisomea DAT

Nililipia miezi mitatu ya programu ya kujiandaa na DAT, mtihani wa kuombea nafasi kwenye vyuo vya udaktari wa meno Marekani. Ukinibana niseme ukweli, niliitumia inavyotakiwa kama wiki nane hivi. Kabla ya hapo nilikuwa mtazamaji tu. Jina lake naliacha, kwanza kwa sababu nina malalamiko nayo, pili kwa sababu nyingi za aina hii zimeshonwa kwa kitambaa kimoja: video, muhtasari, benki ya maswali, mitihani ya majaribio na mazoezi ya maumbo.

Kwa ambaye bado hajaujua, mtihani huu uko chini ya ADA, chama cha madaktari wa meno cha Marekani, na unafanyika kwenye kompyuta. Sayansi ina maswali 100 kwa dakika 90: biolojia 40, kemia ya jumla 30, kemia ogania 30. Inafuata sehemu ya maumbo, wenyewe tunaiita PAT, maswali 90 kwa dakika 60. Unapumzika, halafu ufahamu, maswali 50 kwa dakika 60, na mwisho hesabu 40 kwa dakika 45. Ukigawanya utaona swali la sayansi limepewa sekunde 54 na la maumbo sekunde 40. Mwalimu wa video anatumia dakika kumi na mbili kueleza jambo ambalo wewe utaliamua kwa sekunde hizo 54.

Mimi hilo sikuliona mapema. Nilikuwa nikitoka kazini nafungua kompyuta, naweka video kwa kasi ya moja na nusu, naitikia kwa kichwa. Kila kitu kilikuwa kinaeleweka! Kuna alama ya kijani inayotokea kila ukimaliza video, na nakiri ilinipa raha kuliko ilivyostahili. Mwisho wa wiki ya nne nikafanya mtihani wa kwanza wa majaribio. Kemia ogania nikapata 11 kati ya 30. Kwenye ratiba, somo hilo lilikuwa kijani kitupu.

Kilichonitoa hapo ni daftari, wala si programu. Daftari la kawaida la mistari, kila ukurasa nimeupiga safu tatu: swali lilitaka nini, nilijibu nini na kwa nini, na nitautambuaje mtego huo ukirudi. Safu ya kati ndiyo yenye kazi. Kuna swali lilileta 2-bromo-2-methylpropane ndani ya methanoli, likauliza mmenyuko utapita njia gani. Nilichagua SN2, njia ambayo molekuli inayoshambulia inaingia kwa nyuma wakati uleule bromini inatoka. Nilipofika kwenye "kwa nini" nikakaa na kalamu mkononi, sina la kuandika. Nilikuwa nimeona bromini, nikakumbuka video ya SN2, mkono ukaenda wenyewe. Hatimaye nikaandika: "Sikuiangalia kaboni yenye bromini. Imezungukwa na kaboni tatu, hakuna upenyo wa kuishambulia kwa nyuma. Bromini itoke kwanza, kwa hiyo SN1." Tangu siku hiyo maswali ya namna hiyo jicho langu linaanzia kwenye kaboni, halafu ndiyo linaangalia mengine.

Baada ya wiki mbili za daftari nikagundua kwamba sehemu kubwa ya makosa yangu haikuwa kutojua. Nilikuwa naliruka neno "isipokuwa". Nilikuwa nabadilisha jibu sahihi dakika ya mwisho. Hakuna video inayotibu hayo.

Kwenye biolojia, ambako mambo yametapakaa kuanzia kiini cha seli hadi mimea na mifumo ya ikolojia, nilitegemea kadi za Anki, programu nyingine ya kujikumbusha kwa kadi za swali na jibu, ambayo kwenye kompyuta ni bure. Programu yangu ilikuja na kadi zake tayari, maelfu. Nilizijaribu kwa siku sita nikaziacha; ni kama kuvaa miwani ya mwenzio. Kadi ndefu zinauliza mambo manne kwa pamoja, ukikumbuka matatu hujui ujihesabie umepata au umekosa. Nikatengeneza zangu kutoka daftarini, kila moja swali moja. Zilikuwa chache, ila kila nikiiona nakumbuka ni kosa gani lililoizaa.

PAT ndipo programu ilipohalalisha pesa yangu. Maswali ya aina hii huwezi kujitungia, na hii inayazalisha bila kikomo na kukusahihisha papo hapo. Pembe, kwa mfano: unapewa nne uzipange kutoka ndogo hadi kubwa, na mikono mirefu inakudanganya kwamba pembe yenyewe ni pana. Dakika ishirini kila asubuhi kabla ya kazi, na kufikia wiki ya tatu ya mazoezi hayo jicho likaacha kufuata mikono, likawa linakaa pale kwenye ncha.

Lakini alama za bure ziko kwenye michemraba. Unaonyeshwa rundo la michemraba iliyogandishwa pamoja, likapakwa rangi kote isipokuwa upande uliokalia chini, halafu unaulizwa ni mingapi imepata rangi pande mbili, au tatu. Mchoro mmoja hubeba maswali kadhaa. Kwa hiyo kabla hata ya kusoma swali, chora jedwali la 0 hadi 5, pita mstari kwa mstari ukiweka kijiti kwa kila mchemraba, kisha jumlisha. Mara yangu ya kwanza jedwali lilinipa 13 wakati michemraba ni 14. Aliyepotea alikuwa wa chini kabisa, nyuma ya mnara. Haonekani, ila aliye juu yake hawezi kuelea hewani.

Hapa kuna jambo ambalo programu haikunigusia: kwenye chumba cha mtihani hupewi karatasi na penseli. Unapewa vibao na kalamu ya wino, ambayo ncha yake ni nene, na jedwali nililozoea kulichora dogo likawa halisomeki. Bahati nzuri nililijua wiki mbili kabla, nikanunua kalamu ya namna hiyo nikafanyia mazoezi juu ya karatasi iliyowekewa plastiki.

Sasa malalamiko. Vifungu vya ufahamu ni vifupi na vyepesi mno. Kwenye mtihani unapata vifungu vitatu, kila kimoja ukikipa dakika ishirini, na ni maandishi makavu ya kisayansi yenye kukupeleka mbio. Programu ilinilea vibaya hapo. Niliokolewa na makala ndefu za sayansi nilizokuwa nasoma jioni, kila aya nikiandika pembeni neno moja au mawili ya kunionyesha kilichomo, ili swali likija nijue pa kurudi.

Pia kuna majibu yenye makosa. Swali moja liliuliza pH ya asidi ya hidrokloriki yenye ukolezi wa 0.01 M. Jibu ni 2. Programu ikaniwekea 12, yaani mtu alihesabu pOH, kipimo cha upande wa besi, akaiandika kama pH. Nilipoteza jioni nzima nikijitilia shaka, narudia hesabu ambayo mwanafunzi wa sekondari anaifanya. Nikawaandikia. Siku ya tisa wakajibu kunishukuru kwa mchango wangu, na swali likabaki vilevile. Kitufe cha kusitisha malipo nacho wamekificha ndani ya menyu tatu. Nusura nilipie mwezi wa nne.

Mitihani mizima ya majaribio ndiyo kitu kingine ninachokisifia. Nilifanya mitano, Jumamosi asubuhi, bila kusimamisha saa. Maswali yenyewe ni saa nne na robo, na mgongo nao unahitaji mazoezi. Jumapili yote ikawa ya daftari. Kupitia mtihani kulinichukua muda mrefu kuliko kuufanya, na ukiona kwako ni kinyume, jiulize unapitia nini hasa. Humo pia nilijizoesha kutoacha swali tupu, maana jibu la makosa halikatwi alama.

Nilifanya mtihani mwaka 2024, bado tukipimwa kwa kipimo cha 1 hadi 30. Masomo nilipata wastani wa 20, PAT 21, ufahamu 18, na hiyo 18 sikushangaa. Tangu Machi 2025 kipimo kimekuwa 200 hadi 600, kwa hiyo kabla hujalipia programu yoyote, angalia kama majaribio yake yanakupa alama za kipimo kipya au bado inakuuzia ya zamani.

Ningerudi nyuma ningelipia miezi miwili. Jaribio la kwanza ningelifanya siku ileile ya kulipa, nikiwa sijafungua video hata moja, na video ningeziangalia zile tu ambazo daftari limenituma.