Mafuta ya mgando: yapi uchukue, yapi uyaache dukani

Jamani, tangu joto lianze wasomaji malalamiko yenu ni yale yale, mgando umeyeyuka kwenye mkoba, umelowesha kitenge na madaftari ya mtoto, ukifungua kopo unakuta uji. Basi leo siongelei ukubwa wa kopo, naongelea zaidi kuyeyuka.

Mgando ni ukoo mmoja na mafuta ya taa na mshumaa, vyote ni parafini, yaani kaboni na haidrojeni zimeshikana mnyororo. Mafuta ya taa yana minyororo mifupi, kaboni kama 10 hadi 16, ndo maana yanatiririka na kushika moto haraka. Nta ya mshumaa inaanzia kama 20 kwenda juu, ngumu. Mgando uko katikati kwa tabia: nta imeyashikilia mafuta mazito yasitoke. Parafini ya maji, ile ya baby oil, ikizidi humo, nta inashindwa kuyashika, unaona mafuta yanaelea juu ya kopo hata kivulini. Hilo ndo la kuangalia kabla hujatoa hela.

Namba moja kwangu ni Vaseline ya asili isiyo na manukato, na sifichi. Ipo tangu enzi za Chesebrough, mkemia aliyeibuni na kupata hataza yake, yaani haki ya mvumbuzi, Marekani mwaka 1872. Chota kidogo, bana kwa vidole viwili halafu achanisha, inavutika kwanza ndo inakatika. Ukiiacha kwenye gari juani itayeyuka kweli, ila ikipoa inagandana tena vilevile.

Ya pili ni ule mgando mweupe wa duka la dawa, unaotumika kuchanganyia dawa za ngozi, mzuri sana kwa mtoto mwenye pumu ya ngozi. Ya watoto yenye manukato naiweka ya tatu, marashi yanaweza kumuwasha. Ya kupima sokoni, pita tu.

Na parafini haichachi kama mafuta ya nazi, ukisikia harufu ya kuchacha ujue humo kuna kingine.

Kinachoniudhi ni wauzaji. Makopo yanaanikwa barazani kutwa nzima, ukilalamika unaambiwa dada joto hilo, na wapo wanaojaza ya kupima kwenye kopo la kampuni wakakuuzia bei ya dukani bila aibu. Kopo ambalo lakiri yake imebanduka mrudishie hapo hapo, akinuna anune.