Tahadhari: kompyuta ya zamani ikipoteza sauti, usilipie draiva

Ndugu zangu, kama kompyuta yako ya zamani imenyamaza, hasa baada ya kuwekewa Windows upya, soma hapa kabla hujatoa hela yako. Kuna watu wanakula kupitia shida hii. Wanajua kwamba mtu akikosa sauti ataingia kwenye intaneti aandike jina la kompyuta yake na neno draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kutumia kifaa fulani, na wao wameshajipanga palepale wakimngoja.

Ukurasa utakaofunguka una rangi zinazofanana na za kampuni iliyotengeneza kompyuta yako, na kitufe kikubwa cha kupakua. Ukibonyeza, kinachoshuka si draiva ya sauti. Ni programu ya kusasisha draiva zote. Ukiifungua inaskani, mstari unakimbia, kisha inakutolea orodha nyekundu ndefu: hiki kimepitwa na wakati, kile ni hatari. Kuskani ni bure, kurekebisha ndiyo kulipa, na mara nyingi malipo ni ya kila mwaka na yanajikata yenyewe kwenye kadi yako. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba katika orodha yote hiyo kifaa cha sauti, ambacho ndicho kilichokuleta, unaweza usikione kabisa.

Mchezo huu si mgeni, na umeshafika mbele ya mamlaka. Machi 2024 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kwamba kampuni mbili za Kupro, Restoro na Reimage, zimekubali kulipa dola milioni 26 kutokana na madai ya kuwatisha watu kwa matangazo na skani za kudanganya ili wanunue huduma za kutengeneza kompyuta. Walioumia hasa walikuwa wazee. Hizo hazikuwa za draiva za sauti peke yake, lakini njia ndiyo hiyohiyo: kwanza wakutie hofu, halafu wakuuzie dawa.

Sasa wanachokuficha ni hiki: draiva ya sauti hutolewa bure na kampuni iliyotengeneza kompyuta au mazabodi yako, yaani bodi kuu ya ndani. Tena tangu Windows Vista, Windows yenyewe inakuja na draiva ya jumla ya HD Audio, mfumo ambao Intel iliutoa 2004. Kompyuta nyingi za baada ya hapo hupata sauti bila kupakua chochote. Waliobaki na Windows XP ndio wanaosumbuka kidogo, kwa sababu HD Audio kwenye XP mara nyingi hudai kwanza kiraka (programu ndogo ya marekebisho) cha Microsoft kinachoitwa KB888111 ndipo draiva ikubali kuingia. Hicho nacho kilitolewa bure. Anayekuuzia anakuuzia jina tu. Na popote utakapokuta maelekezo yanakutaka uzime antivairasi kwanza ndipo uweke draiva, funga ukurasa.

Njia ya kumjua tapeli ni kumuuliza namba ya kifaa. Andika devmgmt.msc kwenye sehemu ya kutafuta ya Windows, ufungue orodha ya vifaa, utafute chenye alama ya njano, au alama ya kuzimwa (mshale wa kuelekea chini; kwenye XP ni msalaba mwekundu). Fungua sifa zake. Ukikuta Code 28, draiva haipo. Ukikuta Code 22, kifaa kimezimwa tu, kiwashe palepale na ndiyo mwisho wa habari. Kwenye ukurasa wa maelezo ya kifaa (Details), ukichagua Hardware Ids, kuna mstari wenye VEN na DEV. Tarakimu baada ya VEN zinamtaja aliyetengeneza chipu: 10EC ni Realtek, 8086 ni Intel, 1102 ni Creative. Zile za baada ya DEV zinataja chipu yenyewe. Mtu anayejua kazi atakuomba mstari huo kabla ya kukwambia lolote. Asiyeuomba, na tayari ana draiva ya kukuuzia, hajui anachokiuza au anajua vizuri mno.

Ikiwa kifaa cha sauti hakionekani kabisa, usikubali haraka kuambiwa kimekufa. Ingia kwenye BIOS, mipangilio ya msingi inayofunguka kabla Windows haijawaka, uangalie kama sauti ya ndani imezimwa. Kwenye mashine za zamani huandikwa AC'97 Audio au HD Audio. Betri ndogo ya mazabodi ikiisha mipangilio hiyo hurudi ilivyokuwa kiwandani, na dalili yake ni saa na tarehe kupotea kila ukizima umeme. Na kama kifaa kipo, draiva ipo, ila kimya, fungua mmsys.cpl, dirisha la mipangilio ya sauti. Mara nyingi sauti inapelekwa kwenye HDMI, yaani waya wa skrini, hasa kama kuna kadi mpya ya picha, na skrini yenyewe haina spika. Hakikisha pia huduma ya Windows Audio inafanya kazi, na kwamba waya wa spika umeingia kwenye tundu la kijani, si la waridi.

Hapa ndipo nataka mkae makini na mafundi. Wapo waaminifu, na wapo wanaokuwashia mashine dakika mbili, wanatikisa kichwa na kusema kadi ya sauti imeungua, badilisha mazabodi. Dai kipimo. Weka Linux, mfumo wa bure unaoweza kuendesha kompyuta badala ya Windows, kwenye flashi ya USB na uwashe kompyuta kwa hiyo flashi bila kusakinisha kitu. Diski yako haiguswi. Fungua dirisha la amri, andika aplay -l (ya mwisho ni herufi L ndogo). Kadi ikitajwa hapo, mashine inaiona. Kisha andika alsamixer; ukiona MM chini ya mstari wa sauti, imezibwa, bonyeza M ifunguke. Ukisikia sauti kwenye Linux, kadi ni nzima na shida iko ndani ya Windows, hata fundi aape vipi. Fundi anayekataa kipimo hiki, chukua mashine yako uondoke nayo.

Kama kweli kadi imekufa, kijiti cha sauti cha USB kinatosha na kwa kawaida hakihitaji draiva ya ziada. Lakini vile vyenye matundu mawili vilivyopigwa chapa ya 7.1, yaani njia nane za sauti, visikuchanganye: tundu moja la hedifoni linatoa njia mbili, kushoto na kulia. Nane hazipiti hapo, iliyobaki ni programu inayoigiza. Usilipe zaidi kwa ajili ya namba hiyo.

Wauzaji wa kadi za sauti zilizotumika nao wana lao. Jina Sound Blaster Live! la kampuni ya Creative lilibandikwa kwenye kadi zenye chipu tofauti kabisa. Ile asili ina chipu ya EMU10K1 na husomeka VEN 1102 na DEV 0002. Live! 24-bit ina chipu nyingine na DEV yake husomeka 0007. Ile iliyotengenezwa kwa ajili ya kompyuta za Dell husomeka 0006, na draiva za kadi za dukani huikataa. Muuzaji akikupa picha ya boksi bila picha ya kadi yenyewe na namba yake ya modeli, achana naye. Hakikisha pia mazabodi yako ina tundu la PCI, lile la zamani la kuchomekea kadi, kwa maana PCI Express ni kitu kingine na kadi hizo haziingii.

Kwa waliokwisha kulipa: ondoa programu hiyo, piga simu benki usimamishe makato, na kama ulimruhusu mtu aingie kwenye kompyuta yako kwa mbali, ikate kwanza kwenye intaneti, kisha badilisha nywila zako ukitumia kifaa kingine. Yule aliyekufungulia eventvwr, kumbukumbu ya matukio ya Windows, akakuonyesha makosa mekundu kibao hakukuonyesha ugonjwa wowote; makosa hayo yapo kwenye kila Windows, hata iliyo nzima. Na baada ya miezi kadhaa ukipigiwa simu na mtu anayesema kampuni imefungwa, anataka kukurudishia hela zako, ila aingie kwenye kompyuta mara moja tu kukujazia fomu, kata simu. Huenda namba yako iliuzwa pamoja na orodha ya waliolipa.