Mwongozaji wa Mji wa Kale, Mombasa: mlipeni kwa vichochoro, si kwa Fort Jesus

Kila mwenye wageni Mombasa, wawe jamaa wa bara au wenzake wa kazini walioshuka na treni ya SGR, hufika mahali pa kuamua: tumchukue mwongozaji pale langoni mwa Fort Jesus, au tujitembeze? Ushauri wetu ni kumchukua, lakini aanze kazi mkitoka ngomeni. Ndani ya ngome mtajimudu. Vichochoroni bila mwenyeji mtapita mbele ya kila kitu na msione kitu.

Tuanze na ngome. Lango hufunguliwa saa mbili asubuhi, na saa hiyo ndiyo ya kufika, kabla mabasi ya shule na ya hotelini hayajaja. Uwanja wa katikati hauna kivuli. Ikifika saa tano jua limeshapasha mawe, na msimu wa kaskazi, Desemba hadi Machi, wazee na watoto huishiwa nguvu papo hapo. Raia, mkaazi na mgeni wa nje hawalipi sawa, kwa hiyo kila mtu mzima aje na kitambulisho au pasipoti. Malipo hupitia eCitizen, mtandao wa serikali wa kulipia huduma. Mmoja wenu awe na bando na salio la kutosha kwenye simu, alipie kundi zima kwa mkupuo, la sivyo mtapoteza nusu saa mlangoni kila mtu akihangaika na simu yake.

Ukiwa na habari chache tu, ngome inatembeleka. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 mpaka Desemba 1698, wakaitwaa. Waingereza waliigeuza jela mwaka 1895, na ikabaki jela hadi 1958. UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2011. Msikimbilie mizinga tu kupiga picha. Ingieni makumbusho muone vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama mwaka 1697 chini ya ngome hii wakati wa mzingiro. Kisha pandeni ukutani upande wa bahari. Saa moja na nusu inatosha.

Sasa mwongozaji. Chukueni mwenye kitambulisho cha kazi, na mpatane kabla hamjapiga hatua: bei ni ya kundi au ya kila kichwa, ni ya saa ngapi, na mtaishia wapi. Ugomvi mwingi wa mwisho wa safari chanzo chake ni hapo. Kundi limesikia bei moja, yeye alikuwa akihesabu vichwa. Mpimeni kwa maswali mawili: mzingiro ulidumu muda gani, na mlango wa Kigujarati unautofautishaje na wa Kiswahili? Akibabaika kwenye la pili, tafuteni mwingine, maana milango ndiyo mnayomlipia.

Mwongozaji mzuri atawasimamisha mtaa wa Ndia Kuu mbele ya mlango mmoja kwa dakika tano nzima. Atawaonyesha mfaa, ule mti wa katikati unaofunika mahali mbao mbili zinapokutana, halafu nakshi za fremu: mnyororo unaopanda ukingoni, maua, magamba ya samaki. Wa Kigujarati utaujua kwa mbao zake zilizogawanywa vijumba vidogo vya mraba. Kisha atawainua macho muone roshani za mbao zilizotobolewa, ambazo aliye ndani huona barabara bila kuonekana. Na atawaeleza kwa nini vyumba vya nyumba za kale ni virefu na vyembamba: dari hubebwa na boriti za mikoko, na upana wa chumba hauwezi kuzidi boriti. Ukishajua hilo, kila nyumba unayopita unaiangalia kwa jicho jingine.

Njia nzuri ni Ndia Kuu, kisha Barabara ya Mbarak Ali Hinawy hadi Msikiti wa Mandhry, ambao historia yake inarudi 1570 na mnara wake mweupe huchongoka kuelekea juu, halafu jengo la kale la Leven House na bandari ya kale. Pale bandarini ulizeni kabla ya kutoa kamera. Wenyeji nao msiwapige picha bila idhini, hasa akina mama. Mabega na magoti yafunikwe. Leso moja begani hutatua mambo.

Kundi lisizidi watu wanane. Vichochoro vingine mkokoteni ukija lazima nyote mjibane ukutani, na wa nyuma hawasikii neno. Mkiwa kumi na wawili, chukueni waongozaji wawili. Kingine kinachoharibu siku ni maduka ya vinyago. Baadhi ya waongozaji hupata kamisheni, na saa yenu ya pili huishia humo. Semeni mapema: duka moja, tena mwisho.

Ijumaa haifai kwa mchana, kwani kuanzia saa sita maduka mengi hufungwa kwa sala. Mwezi wa Ramadhani mchana ni kimya, uhai hurudi baada ya futari.

Kula mapema. Biriani nzuri huisha, kwa hiyo saa sita na nusu muwe mmeshakaa. Asubuhi, mahamri kwa mbaazi yanatosha.

Alasiri mwacheni mwongozaji aende, mwende Biashara Street wenyewe. Leso chagueni kwa jina lake kwanza, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, rangi baadaye. Mwenye kupewa atalisoma. Huuzwa mbili pamoja, hazijakatwa wala kupindwa, na mafundi wa cherehani wapo papo hapo barazani. Ikunjeni mkononi mjue kama ni pamba: pamba hubaki na mikunjo. Sokoni Marikiti nunueni viungo vizima, maana vilivyosagwa huweza kuchanganywa na unga. Iliki iwe ya kijani na ikitikiswa ilie. Zafarani ya bei ya bure si zafarani.

Alama zetu: vichochoro na mwongozaji hodari, tano kwa tano, ngome na mwongozaji, tatu, kwa sababu ya gharama. Jioni tuktuk hubeba watatu hadi ufukweni Mama Ngina. Patana kabla ya kupanda, na fikeni kabla ya saa kumi na mbili ili mpate mihogo, pilipili na ndimu mkiziona meli zikiingia Kilindini kungali na mwanga.