Bilauri za kunywea Mombasa: kabla ya macho, tumia mizani

Ukiingia duka lolote la vyombo kule Marikiti, muuzaji atakutolea kwanza bilauri ya kitako kinene. "Shika mamangu, usikie uzito. Hii ndiyo gilasi." Uzito ndio anaouza, na uzito huohuo ndio unaonifanya niirudishe rafuni.

Gilasi ya kawaida ni mchanga, magadi na mawe ya chokaa, vikayeyushwa pamoja kwa joto la nyuzi 1,500 hivi. Tanuri lake halizimwi ikifika magharibi. Huwaka usiku na mchana kwa miaka, maana likipoa gilasi hugandia humo ndani. Tena magadi na chokaa vyenyewe vikipata moto hutoa kaboni dioksidi yao, hewa inayoongeza joto la dunia, mbali na ile ya moshi wa tanuri. Kwa makadirio, kila kilo ya gilasi mpya huja na kilo moja hivi ya hewa hiyo. Basi bilauri ya gramu 170 na ya gramu 380, zote zikijazwa juisi ileile ya ukwaju, ya pili imetoa hewa hiyo zaidi ya mara mbili ya mwenzake. Wengi huhofia safari ya kutoka Uchina, lakini meli hubeba shehena nyingi kwa mafuta kidogo kwa kila tani, na bahari yote hiyo mpaka Kilindini ni sehemu ndogo ukilinganisha na kilichotoka tanurini.

Nambari moja kwangu, kwa hivyo, hainunuliwi. Ni chupa ya jamu. Mkate na jamu umeshakula, tanuri limeshalipwa, na mdomo wake ni mpana na unashikika vizuri. Loweka karatasi usiku kucha, gundi iliyobaki isugue kwa mafuta ya kupikia na majivu. Mama mkwe wangu alizikataa mwaka mzima, mpaka alipoonja madafu baridi ndani yake.

Nambari mbili ni gilasi iliyokazwa kwa moto. Ikishafinyangwa hupashwa tena kupita nyuzi 600, kisha hupulizwa hewa baridi kwa ghafla; ngozi ya nje hukaza, na ndiyo inayoihimili inapoangukia sakafu. Wafaransa wa Duralex wanazitengeneza tangu 1945, na wengine wamewaiga. Huwa nyembamba, hupandana bila kukwama, na zinastahimili chai ya moto. Zikivunjika hutawanyika punje punje badala ya vipande virefu vya kukata miguu ya watoto. Bei yake ni ya juu, lakini mimi huigawanya kwa miaka, si kwa bilauri.

Tatu, bilauri nyembamba ya kawaida, mpya au ya mtumba. Haina maajabu. Inunue ya mtumba ukiipata, ila pitisha kidole kwenye mdomo wake kwanza utafute mkwaruzo.

Nne ni ile ya kitako kinene. Niliwahi kununua sita. Ya kwanza niliimiminia chai ya rangi ikichemka: ukuta wa ndani ukapanuka, wa nje ukabaki baridi, ikalia *tak!* Nikanyanyua bilauri, kitako kikabaki mezani kama kisahani, chai inanichuruzika mapajani. Unene haukuwa nguvu hata kidogo.

Mwisho kabisa ni zile za kuta mbili za kunywea kahawa. Ni nzuri kwa picha. Gilasi yake ni ya aina nyingine, inayotaka joto kali zaidi kuyeyuka, na kwa sababu hiyo haichanganywi na chupa za kawaida zinapoyeyushwa upya. Kahawa tungu ina kikombe chake kidogo tangu zamani, hakijatushinda.

Lakini tusilaumu kitako peke yake. Kabati langu la sebuleni lina dazeni ya bilauri za wageni, hutoka Idi mbili kwa mwaka, na sisi wenyewe twanywa kwenye plastiki. Dazeni hiyo, ukiihesabu kwa kila mnywo, ndiyo ghali kuliko zote nyumbani. Zitoe zitumike. Kwa arusi usinunue, kodi.

Kuosha nako kuna hesabu yake. Lita moja ya maji ukiyapasha kwa gesi mpaka yachome mkono hutoa gramu kama 15 au 20 za kaboni dioksidi. Fanya hivyo mara kumi kwa bilauri moja nyepesi na umeifikia hewa iliyotoka tanurini ilipotengenezwa. Maji ya bombani, sabuni na sifongo yatosha kwa juisi.

Na usikubali boksi zima. Ikivunjika moja watu hutupa seti na kununua nyingine. Nikimwambia muuzaji nataka tatu tu, hununa, huangalia mlangoni kama kuna mteja mwingine, kisha huchukua kisu na kufungua boksi.